Tuma pikipiki Mwanza, rudi nayo Dar ukiiendesha

Kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam ni kilomita 1,150 hivi, lami tupu. Mwenye pikipiki ya cc 150 anayekwenda kilomita 60 au 70 kwa saa anazimaliza kwa siku nne au tano bila kujiumiza. Tabu huja unapotaka kwenda na kurudi. Likizo yote inaishia kwenye barabara ileile, na wakati wa kurudi mgongo unauma kiasi kwamba huna hamu hata ya kusimama Singida ukala kuku. Ndiyo maana baadhi yetu huipakia pikipiki kwenye gari la mizigo kwa upande mmoja, tukaifuata kwa basi au ndege, kisha tukarudi nayo taratibu.

Nimechukua mfano wa Dar na Mwanza kwa kuwa njia yake inafikika kwa kila aina ya usafiri. Utaratibu haubadiliki sana ukiituma Kigoma, Bukoba, Songea au Mbeya.

Hatua ya kwanza: amua upande wa kutuma

Tuma kwenda, endesha kurudi. Wapo wanaopenda kinyume chake, waendeshe hadi Mwanza kisha wairudishe kwenye lori, na kwa bei wana hoja. Malori mengi hutoka Dar yakiwa yamejaa bidhaa za bandarini na Kariakoo, na wakati wa kurudi hutafuta mzigo, kwa hiyo dereva anayerudi Dar ana moyo mwepesi wa kupunguza bei.

Hata hivyo mimi sishawishiki. Ukituma kwenda, lori likichelewa siku tatu unalisubiri nyumbani kwako, siyo kwenye nyumba ya wageni unayoilipia kila usiku. Pikipiki hupakiwa mbele ya macho yako, na fundi wako anayeijua huwa ameishika juzi tu. Na kadiri unavyosafiri ndivyo unavyokaribia nyumbani: ikikufia Morogoro utapata mtu wa kuja kukuchukua, lakini ikikufia Nzega wakati unaelekea Mwanza uko mbali na kila unayemjua. Tofauti ya bei unailipia utulivu huo.

Hatua ya pili: basi, treni au lori

Basi ndilo la haraka. Unaifikisha Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, au kwenye ofisi ya kampuni, na kesho yake ipo stendi ya Nyegezi, Mwanza. Lakini buti la basi halina urefu wa kuisimamisha pikipiki. Huingizwa ikiwa imelala ubavu, mara nyingi baada ya kung'olewa vioo na kupindwa usukani, na juu yake yanakuja magunia ya watu. Ikilala, petroli huvuja kupitia kifuniko cha tanki na betri ya maji humwaga asidi. Kwa Boxer au TVS ya kazi, ambayo imeshazoea misukosuko, watu hutuma hivyo kila siku na zinafika. Kwa pikipiki ndefu ya safari, yenye usukani mpana na vizimba vya kubebea mizigo ubavuni, usijaribu.

Treni ya zamani ya Reli ya Kati ina behewa la vifurushi, na pikipiki humo husafiri bila kurukaruka kama kwenye lori. Haina haraka, na siku zake za kuondoka ni chache kwa wiki. Kwa Kigoma ningeifikiria kwanza kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu stesheni iko mjini kabisa na reli yenyewe imefika pale tangu mwaka 1914. Treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kati ya Dar, Morogoro na Dodoma, haikusaidii kwa safari hii.

Linabaki lori, na hilo ndilo ninalolipendekeza, hasa fuso lenye bodi iliyofunikwa turubai. Mawakala wa mizigo ya mikoani wako Kariakoo na Gerezani. Usichukue wa kwanza kukuita. Nenda siku isiyo ya kutuma, simama uangalie wanavyopakia mizigo ya wengine, kisha uliza maswali haya kabla ya bei: gari linaondoka lini kwa uhakika, pikipiki itakaa sehemu gani ya bodi, kuna kushusha mizigo njiani, na Mwanza inashushiwa wapi. Swali la kushusha njiani ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kila lori linaposimama Dodoma au Shinyanga kushusha, mzigo hupanguliwa na kupangwa upya na watu ambao hukuwaona, na yako inaweza kufunguliwa kamba isifungwe tena. Bora lori linalokwenda moja kwa moja, hata kama bei imezidi kidogo.

Hatua ya tatu: fundi kabla ya lori

Hapa wengi hupanga kuifanyia matengenezo ikishafika, kwa kudhani safari inaanzia Mwanza. Fanya kila kitu Dar, tena wiki moja kabla: oili, plagi, kichujio cha hewa, cheni na sproketi zake, breki shuu au pedi, beringi za magurudumu, na spoku zote zikazwe. Tairi ya nyuma iliyobakiwa na nusu ya maua iache kwa mizunguko ya mjini, vaa mpya. Kisha iendeshe mpaka Bagamoyo na kurudi. Nati ambayo fundi hakuikaza vizuri itajionyesha kwenye hizo kilomita mia na ushee, ukiwa bado karibu na gereji yake.

Spea za kubeba ziwe chache na za maana: tubu moja ya kila gurudumu, kebo ya klachi, kebo ya mafuta, plagi, kiungio cha cheni, fyuzi, vishikio vya kung'olea tairi na pampu ya mkono. Boxer na TVS spea zake zipo kila senta yenye bodaboda. Mwenye pikipiki kubwa ya Kijapani au ya Kijerumani ndiye hasa anayepaswa kubeba akiba, maana fundi wa Igunga atamhurumia tu.

Hatua ya nne: karatasi

Lori likisimamishwa na polisi, pikipiki isiyo na karatasi inageuka mzigo wa kushukiwa, maana wizi wa pikipiki umezidi na askari wanajua zinavyosafirishwa. Mpe dereva nakala ya kadi ya usajili, nakala ya kitambulisho chako, na barua fupi yenye saini inayosema ni nani anatuma, nani atapokea na namba ya usajili ni ipi. Kadi halisi usimpe, safiri nayo. Kama kadi bado ina jina la mtu aliyekuuzia, jambo ambalo liko kwa watu wengi kuliko wanaokiri, maliza kwanza uhamisho wa umiliki TRA. Mkataba wa mauziano utakuokoa kwenye kizuizi kimoja. Kwenye kingine utalala nje.

Stakabadhi ya wakala isome kabla ya kuondoka. Nyingi zina mstari mdogo chini unaosema mzigo unasafiri kwa dhamana ya mwenyewe. Bima yako ya kawaida ya barabarani, ile inayomlinda mtu wa tatu, hailipi pikipiki ikivunjikia ndani ya lori. Waulize kama wana bima ya mizigo safarini, au ikate mwenyewe. Kwa vyovyote, dai stakabadhi iandikwe thamani ya pikipiki, namba ya usajili, namba ya chasisi, na hali yake: "nzima, vioo viwili, tanki halina mbonyeo". Karani atakuona msumbufu. Mwache akuone hivyo.

Hatua ya tano: kupakia

Hii ndiyo sehemu inayoamua kila kitu, nawe uwepo mwanzo mpaka mwisho, hata kama wamekuambia "tuachie bosi, hii kazi yetu".

Punguza petroli ibaki nusu lita hivi, ya kuitoa tu kwenye uwanja wa kushushia, na funga koki. Fungua waya hasi wa betri uuzungushie utepe. Ng'oa vioo, kizimba cha vifaa, na kila kilichofungwa kwa skrubu moja. Kofia ngumu, koti na begi usiviache kwenye keria. Safiri navyo mwenyewe, maana havitafika. Usukani usiufunge kwa ufunguo, kwani makuli watauvunja wakitaka kuisogeza. Funguo zako ondoka nazo. Piga picha pande zote nne, juu ya tanki, kipima kilomita na namba ya chasisi, picha moja ionekane namba ya gari lililopakia. Bandika karatasi yenye jina na simu yako chini ya kiti, na nyingine kwenye tanki.

Mikanda ya kufungia nunua mwenyewe, minne, ile yenye racheti. Kamba za manila za utingo huonekana imara zikiwa mpya kufungwa, lakini zinalegea baada ya matuta ya kwanza, na hakuna atakayezirudia. Pikipiki ipandishwe kwa ubao mpana, watu watatu: mmoja usukani, mmoja nyuma, mmoja ubavuni. Iegemee ukuta wa mbele wa bodi, gurudumu la mbele likigusa kipande cha tairi kuukuu badala ya chuma.

Sasa mkanda wa kwanza na wa pili vitoke kwenye ile sehemu nene inayoshikilia shokapu za mbele, chini ya usukani, kwenda pembeni kulia na kushoto kwa pembe. Visitoke kwenye mikono ya klachi na breki wala kwenye mpini wenyewe, kwa kuwa mpini hupinda. Kaza pande zote mbili kwa zamu mpaka shokapu za mbele zishuke nusu ya safari yake. Mtu mwenye nguvu atataka kuzikandamiza mpaka mwisho; mzuie. Shokapu iliyobanwa kabisa hupasua oili sili, na ukifika Mwanza utakuta mafuta yanatiririka kwenye breki. Mikanda miwili ya nyuma ifungwe kwenye fremu, siyo kwenye keria wala indiketa. Stendi ya pembeni ikunje: pikipiki isimame kwa magurudumu yake na mikanda, maana lori likiruka stendi ndiyo hupinda, au inatoboa sakafu ya mbao. Ikishakaa sawa weka gia namba moja. Kila mkanda unapogusa rangi tia kitambaa kikuukuu.

Mwisho, kilicho jirani. Magunia ya saruji ubavuni hayana neno kama yamepangwa chini, lakini yakipandishwa juu kuliko kiti yataiangukia. Mitungi na mabati ni hapana. Na usikubali ipandishwe juu ya mzigo mwingine. Utaiona njiani mara nyingi, pikipiki imekaa kileleni mwa magodoro chini ya turubai, na mwenyewe hajui. Mpe utingo kitu kidogo cha soda umwambie aitazame kila wakisimama. Namba ya simu ya dereva uipate moja kwa moja, usitegemee ya wakala peke yake.

Hatua ya sita: usikimbilie Mwanza

Usikate tiketi kwa siku uliyoambiwa. Subiri mpaka mtu wa Mwanza akupigie kwamba imeshuka, na ikiwezekana akutumie picha. Basi la Dar linakutoa alfajiri na kukufikisha usiku. Ndege ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Ukiwa na ndugu au rafiki Mwanza, mwandike kama mpokeaji wa pili, kwa sababu mawakala wengine huanza kudai gharama za kuhifadhi baada ya siku kadhaa.

Nenda na kitambulisho, stakabadhi, na kidumu cha lita tano cha petroli. Kabla ya kusaini, linganisha na picha zako: tanki, taa, mikono ya klachi na breki, shokapu za mbele kama zina unyevu. Iwashe palepale. Ikiwa kuna kilichovunjika, kiandike kwenye nakala yao na yako kabla hujatoka getini, maana ukishavuka geti hakuna atakayekusikiliza. Rudisha waya wa betri na vioo, halafu izungushe mjini kidogo, ufukweni mpaka Capri Point, ukisikiliza. Jioni kagua nati tena. Mtikisiko wa lori hulegeza vitu ambavyo barabara hailegezi. Mikanda yako ichukue; itafungia begi.

Hatua ya saba: njia ya kurudi

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndicho kipindi chenyewe. Kuanzia Novemba au Desemba mvua za kanda ya kati zinaweza kukunyeshea kutoka Shinyanga hadi Gairo.

Jambo moja ambalo ramani haikuambii: ukirudi Dar unaelekea kusini mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi unalipokea usoni. Kioo cha kofia kiwe safi, kisicho na mikwaruzo. Saa kumi jioni jua liko mgongoni kwako na unaona vizuri, ila dereva wa basi anayekuja mbele limemjaa machoni, hakuoni. Washa taa mchana kutwa, vaa reflekta, na kufikia saa kumi na moja na nusu uwe umeshaoga mahali. Usiku barabara hii ni ya ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na malori yaliyokufa katikati ya njia. Ukikuta matawi ya miti yamelazwa kwenye lami, punguza mwendo mara moja: mbele kuna gari bovu.

Siku ya kwanza ni Shinyanga, Tinde na Nzega, nchi tambarare ya Wasukuma na Wanyamwezi, barabara imenyooka, na adui ni usingizi. Ukishapita Igunga kuna mbuga ya Wembere, kisha Shelui na mlima Sekenke. Panda kwa subira nyuma ya lori, usilipite kwenye kona. Juu kabisa unastahili kupumzika. Dhahabu ya Sekenke ndiyo Wajerumani waliyoitumia kutengenezea sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imewabana. Singida lala. Kuku wake wa kienyeji wana sifa nchi nzima na hawaisingiziwi. Jiandae kwa upepo: hapa unapiga wa ubavuni, na lori likikupita linauzuia ghafla kisha linakuachia, pikipiki nyepesi inayumba. Legeza mabega, shika tanki kwa magoti.

Singida hadi Dodoma ni kilomita 240 hivi kupitia Manyoni na Bahi, siku nyepesi. Mwenye muda zaidi aachane na njia hii pale Singida, apite Katesh chini ya mlima Hanang mpaka Babati, kisha ashuke Kondoa akaone michoro ya mapangoni ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na atokee Dodoma. Ni lami yote, isipokuwa kipande cha kupanda kwenye michoro yenyewe. Njia ya mkato ambayo kila mtu huiona kwenye ramani, ya kukatiza Serengeti na Ngorongoro mpaka Arusha, isahau: pikipiki haziruhusiwi kuingia.

Dodoma hadi Morogoro, kilomita 260, malori yanaongezeka. Kibaigwa kuna soko kubwa la nafaka, na magari ya mahindi huingia barabarani bila kuangalia. Kwenye kila kijiji ni kilomita 50 kwa saa, na tochi ya askari inakaa baada ya kona, chini ya mwembe. Basi likikujia nyuma kwa kasi, shuka pembeni ulipishe. Haki yako ya barabara haitakusaidia hospitalini.

Kipande kibaya kuliko vyote ni Morogoro hadi Dar, kwa kuwa magari ya Zambia, Kongo na nyanda za juu yanaungana na ya kwenu pale Morogoro. Usikifanye jioni. Lala Morogoro, toka alfajiri ikishapambazuka, na ukifika Chalinze pinda kushoto barabara ya Tanga. Ukifika Msata, shika kulia: kilomita 64 za lami iliyotulia hadi Bagamoyo, unavuka Ruvu, unazikwepa Mlandizi, Kibaha na foleni yote ya Mbezi. Ni ndefu zaidi, lakini unaingia mjini kwa Bunju na Tegeta ukiwa bado na akili zako.

Anayetaka kuituma nje ya nchi, Nairobi au Kampala, ajue kwamba pikipiki juu ya lori ni bidhaa, nayo itapitia forodha kama bidhaa. Rahisi zaidi ni kuivusha mpaka ukiwa juu yake, na kadi yake mkononi, bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, na kibali cha muda unachopewa palepale mpakani. Lori liishie Arusha au Bukoba, sehemu ya mpaka uiendeshe.

Ukifika nyumbani mwaga oili ile ikiwa bado ya moto, osha cheni, na uitazame sproketi ya nyuma kabla hujaanza kupanga Kigoma.